Jukwaa Lililopakwa Mafuta

Nimekuwa fundi mitambo wa kanisa letu kwa miaka kumi na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kunifuata baada ya ibada akasema, "Dada, leo sauti ilikuwa nzuri." Sauti ikiwa nzuri wanamshukuru Roho Mtakatifu. Ikiharibika wanageuka kunitazama mimi, kanisa zima, shingo zote kwa pamoja, kama vile nimecheka msibani. Nimeshazoea. Siyasemi haya ili nihurumiwe. Nayasema ili ijulikane ni kazi ya namna gani niliyokuwa naipigania mwaka juzi, nilipoambiwa nisimame mbele ya watu nitubu, la sivyo nisiiguse tena miksa, mashine ninayoongozea sauti, kwa kosa la kupanda jukwaani nikiwa nimevaa suruali.

Kanisa letu lipo Kariakoo, ghorofa ya pili, juu ya maduka ya vitenge na chini ya stoo ya mabegi. Mahubiri yakipamba moto, sauti za wauza soksi zinaingia dirishani na kuchanganyika na Zaburi, na kazi yangu ni kuhakikisha Zaburi inashinda. Ufundi sikuupata darasani. Niliupata kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la spika na amplifaya mitaa miwili kutoka hapo, ambaye aliniajiri nifute vumbi na kuandika risiti, akaja kugundua kwamba naweza kufumba macho nikamwambia ni spika ipi imechanika. Baada ya hapo kufuta vumbi kukaisha. Alinifundisha kuchomelea nyaya, kusikiliza, na kunyamaza mashine inapozungumza.

Yule mzee alikuwa mcha Mungu kwa namna yake. Kila asubuhi alifika kutoka Upanga, akafungua kabati dogo ukutani lenye picha ya mungu wake, akawasha udi, akaomba huku midomo ikicheza. Kisha alilifunga lile kabati kwa ufunguo kabla hajafungua mashine yoyote. Siku moja nilimuuliza kwa nini anafunga. Akanijibu bila kunitazama, "Mungu anapenda udi. Mashine haipendi." Nikacheka. Sikujua kwamba ningekuja kulikumbuka jibu hilo nikiwa nimepiga magoti mbele ya maelfu ya watu.

Mwaka juzi makanisa kadhaa ya mjini yaliungana kuandaa tamasha la vijana kwenye viwanja vya Mnazi Mmoja. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mzee mmoja wa kanisa letu. Alikuwa amestaafu kazi ya ofisi huko Posta, lakini ofisi ilikuwa haijamwacha. Alitembea na faili. Alitaka jukwaa kubwa kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo, skrini nyuma ya waimbaji, taa zinazozunguka mchana kweupe, na mashine ya moshi. Nilimuuliza moshi wa nini. Akasema vijana wanaupenda. Nikamwambia vijana wanapenda vitu vingi, na mbona vingine hatuwaletei. Alifunga faili.

Mimi na yeye tulikuwa tumeshagongana kabla, juu ya CD. Siku hizi wimbo unakuwa kwenye flashi, lakini sisi bado tunaita CD: kwaya inakwenda studio, inarekodi, halafu siku ya tamasha inapanda jukwaani na kuchezesha midomo huku fundi mitambo akibonyeza kitufe. Mwenyekiti aliipenda CD kwa sababu haikosei. Mimi naichukia kwa sababu hiyohiyo. Nimemwona mwimbaji mmoja akishusha maiki ajifute jasho, na sauti yake mwenyewe ikaendelea kupanda juu bila yeye, na watu wakapiga makofi. Kama Mungu angetaka CD asingetupa makoo. Hili nilimwambia mwenyekiti kwenye kikao, mbele ya watu, na nadhani hakulisahau.

Jambo la pili alilolileta ndilo lililokuja kuniponza. Aliandika kanuni za jukwaa, ukurasa mmoja, akatugawia. Jukwaa likishaombewa na kupakwa mafuta, liliandikwa pale, si mbao na vyuma tena bali ni madhabahu. Atakayepanda atavua viatu. Mwanamke mwenye suruali hatapanda. Sikubishana. Suruali ndiyo nguo yangu ya kazi, maana huwezi kutambaa chini ya spika kukagua nyaya ukiwa na gauni, lakini mahali pangu ni katikati ya uwanja, chini ya turubai, kwenye miksa. Jukwaani nilihitaji kupanda kabla ya maombi tu, wakati bado ni mbao na vyuma. Nikaona hiyo kanuni hainihusu.

Asubuhi ya tamasha nilifika mapema, nikapanga kila kitu. Pembeni ya ngoma niliweka boksi jeusi lenye matundu kumi na mawili, ambayo ndiyo njia ya sauti zote: kinachochomekwa pale kinasafiri kwa waya mmoja mnene hadi kwenye miksa. Tundu la tano hadi la nane nilishachomeka nyaya za magitaa, kinanda na ngoma. La kwanza hadi la nne niliyaacha wazi yakitazama juu, nikayabandika utepe mwekundu pembeni, yawe ya maiki za kwaya zitakazoimba zenyewe. Yale manne ya mwisho yalikuwa ya akiba, na vifuniko vyake niliviacha juu. Waimbaji wa CD hawakuhitaji hata tundu moja, wao wangeshika maiki zisizo na waya.

Kikundi cha maombi kilifika saa moja, wanawake saba, na mbele yao alikuwa mama yangu.

Mama alikuja mjini kutoka Masasi akiwa msichana, na tangu nimjue anauza vitenge kwenye meza Mtaa wa Kongo. Vitenge wanauza wengi. Wateja wanampita kama wanavyowapita wengine, wanampapasia kitambaa, wanaondoka. Lakini akishika chupa ya mafuta ya zeituni akaanza kuomba, watu wazima wenye magari yao wanainamisha vichwa. Kikundi kile alikianzisha yeye. Ndicho cheo pekee alichowahi kuwa nacho, na anakibeba vizuri.

"Shikamoo mama," nilimwambia alipopita kwenye turubai langu, kana kwamba hatukuamka nyumba moja.

"Marahaba. Umekula?"

"Bado."

"Utaanguka na hizo nyaya zako," alisema, akanipa andazi lililofungwa kwenye karatasi, akaenda kazini kwake.

Waliomba kwa saa nzima. Niliwaona kwa mbali wakizunguka jukwaa peku, wakipaka ngazi, nguzo za taa, vishikio vya maiki, ngoma. Nilimwona mama akiinama pale lilipo boksi jeusi. Nilidhani anaweka mkono tu. Waliposhuka alinipitia tena, ananukia zeituni, uso umetulia.

"Tumepaka kila kitu," alisema. "Leo hata mapepo ya umeme hayana pa kupita."

Nilipaswa kuuliza kila kitu ni nini. Sikuuliza, nilikuwa nanyanyua spika, na ukweli ni kwamba mtu hamuulizi mama yake maswali ya namna hiyo.

Tamasha lilianza saa nane mchana, jua kali, uwanja umejaa. Kwaya ya kwanza CD, ya pili CD, ya tatu CD na moshi. Moshi ulikuwa mwingi mpaka safu ya nyuma ya waimbaji haikuonekana, ikabaki sauti yao nzuri ya studio na miguu. Mwenyekiti alikuwa amekaa mbele, anatikisa kichwa kwa furaha. Mimi nilibonyeza kitufe, nikakaa, nikala andazi langu.

Halafu wakaja vijana wa Kigamboni. Walikuwa wamechelewa kivukoni, wakatembea kwa miguu kutoka Magogoni hadi uwanjani wakiwa wamebeba magitaa yao. Walikuwa kama kumi na watano. Sare zao zilikuwa za kitenge cha aina mbili, nusu majani, nusu duara, kwa sababu bila shaka kitambaa cha kwanza kiliwaishia. Kiongozi wao alikuwa msichana wa kama miaka ishirini, mwembamba, ambaye alikuja moja kwa moja kwangu huku akihema.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Nipe CD yenu."

"Hatuna CD, dada. Tunapiga wenyewe. Studio hatujawahi kuingia."

Nilitamani kumkumbatia. Tangu asubuhi nilikuwa naisubiri sentensi hiyo. Muda wa kujaribu sauti haukuwepo, kwa hiyo nilimpa maiki nne zenye waya nikamwelekeza: utepe mwekundu, tundu la kwanza hadi la nne, sukuma mpaka isikike inabana. Akarudia maelezo yangu neno kwa neno, akakimbia.

Magitaa yakaanza, safi kabisa. Ngoma ikaingia. Vijana wakafungua midomo, na hapakuwa na kitu. Mkwaruzo tu, kama mtu anayekunja mfuko wa nailoni, kisha kimya. Nilitazama miksa. Njia nne za kwanza zilikuwa zimekufa, hakuna hata taa moja inayocheza. Nilijaribu kila nilichoweza kujaribu nikiwa pale chini ya turubai, na vyote havikusaidia. Tatizo lilikuwa kwenye boksi, na boksi lilikuwa juu ya madhabahu.

Nilimwachia miksa msaidizi wangu, nikakimbia hadi kwenye ngazi. Mhudumu aliyewekwa hapo, kijana mwenye suti na beji, akanyoosha mkono kunizuia. Mwenyekiti alishafika.

"Waambie waweke CD," alisema.

"Hawana CD, mzee."

"Basi washuke, wataimba siku nyingine."

"Nipe dakika tatu. Nahamisha nyaya nne tu."

Alinitazama chini, akapandisha macho taratibu. "Binti yangu, umevaa nini?"

"Suruali, mzee."

"Basi unajua."

Nilijaribu kuwa mwema, naomba hilo liandikwe mahali. Nilimwelekeza yule mhudumu: boksi jeusi, nyaya nne zilizo kwenye matundu yenye utepe mwekundu, zichomoe, zipeleke mwisho kabisa. Alivua viatu, soksi moja ina tundu kwenye dole gumba, akapanda, akainama, akachomoa waya wa gitaa la besi. Spika zilitoa mshindo ambao nadhani ulisikika hadi kivukoni. Watoto wakaanza kulia. Mhudumu akaruka ngazi zote kwa mara moja, akarudi kwangu.

Na wakati wote huo yule msichana hakuacha kuimba. Maiki imekufa mkononi mwake, ameishusha, anaimba kwa koo lake kuelekea uwanja mzima wa watu, mishipa ya shingo imesimama. Safu ya mbele walikuwa wanamsikia. Nyuma yao watu walishaanza kuzungumza, wengine wanacheka, na mmoja akapiga mluzi.

Sikupanda kwa ujasiri. Watu wamekuja kuniambia nilikuwa jasiri, na wengine kwamba nilikuwa na kiburi. Nilikuwa na hasira, basi, hasira ya kawaida ya fundi anayezuiwa kugusa kitu anachokijua na watu wasiokijua. Nilivua viatu, maana hilo lilikuwa halinigharimu, nikaupita mkono wa mhudumu, nikapanda.

Boksi lilikuwa linang'aa. Yale matundu manne yalikuwa yamejaa mafuta hadi juu, na vumbi la uwanja lilishakaa humo siku nzima, likawa tope. Sikuhitaji kunusa, lakini nilinusa. Ni harufu niliyokua nayo, inakaa kwenye rafu karibu na redio nyumbani kwetu. Nilichomoa nyaya zote nne, nikazifuta kwa shati langu, nikafungua vifuniko vya yale matundu makavu ya akiba, nikazichomeka humo. Nikarudisha na waya wa besi. Kazi yote ilichukua muda mfupi kuliko ubishi wetu pale kwenye ngazi. Ila niliifanya nikiwa nimepiga magoti, mgongo kwa watu, na mpiga picha wa kamati, ambaye Mungu amsamehe, aliona kwamba hilo ndilo tukio, akalirusha kwenye skrini. Suruali yangu ya jinzi, sehemu yake pana kuliko zote, ilisimama nyuma ya kwaya kwa ukubwa wa nyumba.

Nilimwashiria msaidizi wangu kule kwenye turubai afungue njia ya tisa hadi ya kumi na mbili. Sauti ya yule msichana ikaingia katikati ya neno. Sijui niieleze vipi. Uwanja ulinyamaza kwanza, kisha ukasimama. Vijana wenyewe walishtuka kujisikia, mmoja akacheka huku anaimba. Walikosea mahali pawili, gitaa lilichelewa kwenye kiitikio, na hakuna kwaya ya CD siku ile iliyoshangiliwa nusu ya hapo. Nilishuka kwa ngazi nikavaa viatu vyangu. Mwenyekiti alikuwa anaandika kwenye faili.

Kuhusu mafuta sikumwambia mtu. Jumatatu nilipeleka boksi dukani nilisafishe kwa spiriti. Yule mzee wa Kihindi alinusa, akauliza nani kakaanga humu. Nikamwambia ni mtu wa Mungu. Akanipa kitambaa kingine, akarudi kwenye hesabu zake za stoo.

Barua ya kanisa ilifika wiki hiyo. Baraza la wazee lilikuwa limenisimamisha huduma kwa kuidharau madhabahu, na ningerudishwa siku nitakayotubu mbele ya kanisa. Kwetu hilo si jambo geni. Mtu anasimama, anasema maneno matatu, wanamwombea, wanaimba, anarudi kundini. Nimeona watu wakitubu mambo makubwa na madogo, na nimewawekea sauti nzuri wakati wanatubu. Sikuwahi kufikiri ningeombwa kutubu kwa kufanya kazi yangu.

Aliyeumia zaidi alikuwa mama. Wanawake wa kikundi chake walikuwa wameiona ile skrini. Hawakumwambia neno, na ndivyo walivyomwambia.

"Simama useme, yaishe," aliniambia jioni ile tukiwa tunachambua mchele. "Kutubu hakumchubui mtu ngozi."

"Nitubu nini, mama?"

"Suruali. Kupanda. Ulikatazwa ukapanda."

"Wale watoto walikuwa hawasikiki."

"Mungu alikuwa anawasikia."

Nilifungua mdomo. Nakiri kabisa kwamba nilifungua mdomo nimwambie. Chupa yako, mama. Chupa yako ndiyo iliyowanyamazisha. Ningeyasema hayo ningeshinda ubishi ule, na barua ile ingekuwa karatasi tu, maana nani angenilaumu kwa kusafisha kilichochafuliwa? Lakini niliwajua wazee wetu. Wangetunga kanuni nyingine, ukurasa mwingine, na chupa ingehamia mikononi mwa mtu mwingine, na mama angebaki na vitenge. Nikaona heri waichukue miksa yangu. Nikafunga mdomo, nikaendelea kutoa mawe kwenye mchele. Wiki tatu nilikaa na neno hilo kooni, na wiki tatu zote mama alinisema kwa ukaidi wangu. Nilimkasirikia sana. Kumficha mtu kosa lake wakati anakugombeza kwa kosa hilohilo si kazi nyepesi, na sikuifanya kwa uso wa malaika.

Mchungaji aliniita ofisini. Ni kijana kuliko mimi, mpole, hapendi ugomvi. "Ni maneno matatu tu, dada," alisema. Nikamwambia nitasimama Jumapili. Alifurahi. Hakuniuliza nitasema nini.

Jumapili hiyo nilivaa gauni. Nilivaa kwa ajili ya mama, si kwa ajili yao. Kwenye miksa walikuwa wamemweka kijana mmoja wa darasa la ubatizo, na nilipopewa maiki ikaanza kupiga yowe. "Shusha namba tatu," nilimwambia mbele ya kanisa zima. Akashusha, yowe likakoma. Nikaona baadhi ya watu wanatabasamu, nikapata nguvu.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Ni kweli nilipanda jukwaani nikiwa nimevaa suruali," nilisema. "Nilijua kanuni, na nilivua viatu. Wale vijana walitoka Kigamboni kuja kuimba, na sauti zao zilikuwa zimekwama mahali ninapopajua mimi. Nimeomba wiki tatu Mungu anioneshe dhambi yangu iko wapi, hajanionesha. Siwezi kumdanganya yeye wala ninyi. Siku nyingine wakikwama nitapanda tena."

Hapakuwa na amina. Mwenyekiti alisimama kwenye kiti chake, mikono imeshika faili.

"Tueleze basi," alisema, "ni kitu gani kilichoharibika hata isiwezekane kusubiri? Maana vyombo vilikuwa vizima, viliombewa asubuhi."

"Ni matundu ya boksi, mzee. Yalikuwa machafu."

"Na kazi ya kuyasafisha ilikuwa ya nani?"

"Yangu," nilisema.

Alitandaza mikono kuonesha kwamba hana zaidi, akaketi. Basi nikajua yamekwisha. Nilikuwa namrudishia mchungaji maiki nikasikia sauti kutoka benchi la tatu upande wa wanawake.

"Boksi gani?"

Mama alikuwa amesimama. Mkoba umening'inia mkononi.

"Mama, kaa," nilisema, na maiki ilikuwa bado iko wazi, kwa hiyo kanisa zima likasikia.

"Nakuuliza, boksi gani? Lile jeusi, pembeni ya ngoma, lenye utepe mwekundu?"

Angekuwa mtu mwingine ningedanganya. Yeye nilishindwa.

"Ndiyo, mama."

Aliukamata mkoba kwa mikono miwili. Kisha akatoka kwenye benchi, akiomba samahani kwa kila goti alilolipita, akaja mbele, akasimama kando yangu. Hakuhitaji maiki.

"Mafuta nilimimina mimi," alisema. "Nusu chupa. Niliona matundu yako wazi, nikasema adui asipate pa kujificha. Kumbe ndimo zinamopita sauti za watoto. Huyu alijua. Wiki tatu namsema ndani ya nyumba, na alijua."

Watu wachache walicheka, wakanyamaza haraka. Mchungaji akamshika mama bega.

"Mama yetu, wewe huna kosa," alisema. "Ulifanya kwa imani."

"Na yeye?"

Mchungaji akamgeukia mwenyekiti.

"Mimi niliyeharibu nimefanya kwa imani," mama alisema. "Huyu aliyetengeneza amefanya kwa nini?"

Nilikuwa nimesimama karibu yake kiasi cha kusikia pumzi zake. Shingo yake ilikuwa imenyooka. Mwenyekiti ndiye aliyejibu. Alisema, kwa sauti ya chini na nadhani bila furaha, kwamba kanuni ni kanuni.

"Haya, niandikie na mimi," mama alimjibu. "Ila kutubu sitatubu. Wala huyu."

Walituandikia sote wawili, kusimamishwa miezi mitatu. Kikundi cha maombi kiliwekwa chini ya mtu mwingine kwa muda, na wanawake wake sita wakaendelea kumfuata mama kwenye meza yake ya vitenge kuomba ushauri, wakijifanya wanapapasa vitambaa. Jumapili tulikaa benchi la mwisho, na hatukukosa hata moja. Yule kijana wa miksa aliteseka na mayowe, nami nilikunja mikono nikamwimbia Mungu kwa sauti kubwa kuliko ilivyo adabu, mama pembeni yangu kwa sauti kubwa kuliko yangu. Waliogeuka kututazama tuliwatazama.

Barua nyingine ilikuja mwezi wa nne tangu siku ile. Ilisema muda umekwisha na tunaweza kurudi kwenye huduma zetu. Haikusema tumetubu, kwa sababu hatukutubu. Jumapili ile niliamka mapema kwenda kupanga vyombo, nikavaa suruali yangu ya kazi, nikatoka sebuleni. Mama alikuwa anakunywa chai. Alinitazama toka juu hadi chini, akarudia, mpaka nikajiandaa kwa vita vingine.

"Imekunjamana hiyo," alisema. "Vua niipige pasi."